Ndugu wa Musoma, usinunue mota kubwa kabla hujashika waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua mnapenda barua fupi ila hii haitakuwa fupi, mkitaka kukata kateni pale ninapomsema mpwa wangu, zile namba za waya na betri naomba mziache kama zilivyo maana ndo zenye kazi.

Wiki mbili nyuma mlitoa barua ya msomaji mmoja wa Musoma, kanunua ile mota ndogo ya umeme ya kufunga kwenye mtumbwi, ya paundi 55, kaifunga, kawasha, mtumbwi unaenda mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza, sasa anauliza aiuze anunue ya paundi 86 au atafute nyingine afunge mbili kwa pamoja. Nikaacha chai ikapoa. Ndugu yangu subiri kwanza! Hiyo njia nimeipita mimi mwenyewe hapa Mwanza, nilitaka kufanya hivyo hivyo, na kilichoniokoa ni kwamba hela haikutosha. Baadaye kwa mota ile ile nimetoka kilomita 3.9 kwa saa mpaka 7.1, na sehemu kubwa ya hiyo kasi niliikuta kwenye vitu vya kijinga kabisa.

Halafu na ninyi gazetini, juu ya ile barua mkaandika "mota yenye uzito wa paundi 55". Hapana jamani. Mota yenyewe ukiibeba haifiki hata kilo 15. Paundi 55 ni nguvu ya kusukuma, na wanaipima boti ikiwa imefungwa kamba haiendi popote, mota inawashwa mpaka mwisho, wanasoma kamba inavutwa kwa nguvu kiasi gani. Paundi 55 ni kama kilo 25, chukua mfuko wa sembe wa kilo 25 uning'inize kwenye kamba, hiyo kamba inavyovutwa ndo nguvu ya mota yako. Sasa hiyo ni boti imesimama. Ikishaanza kutembea ile nguvu inashuka, na inavyozidi kukimbia inazidi kushuka, mpaka inafika mahali nguvu iliyobaki inatosha tu kushindana na maji yanayokokota mtumbwi, hapo ndo umefika mwisho wako.

Kwa hiyo paundi haikwambii kasi. Paundi inakwambia kama utaweza kusukuma boti nzito au kushindana na upepo. Kuna duka moja hapa mjini nilienda kuulizia bei ya hiyo 86, kijana akaniambia "mzee hii ni sawa na hosipawa 8, mtumbwi utaruka". Nikamwambia tupige hesabu wote. Ile ya 55 inakula kama ampea 50 ukiifungua yote, kwa volti 12, ukizidisha unapata wati 600. Hosipawa moja ni wati 746. Yaani mota ya paundi 55 haijafika hata hosipawa moja, na hapo sijatoa inayopotea kwenye joto na kwenye pangaboi lenyewe, yale mapanga yanayosukuma maji. Akasema labda kwa Wachina hesabu ni tofauti. Sikununua, ila sikumlaumu sana, na yeye kauziwa maneno. Kitu ambacho hakunitajia kabisa ni kwamba nyingi za paundi 80 kwenda juu zinataka volti 24, yaani betri mbili, na betri mbili za asidi kwenye mtumbwi wa watu wawili ni kama umembeba mtu wa tatu asiyepiga kasia.

Turudi mwanzo. Mimi mota nililetewa na shemeji yangu anayeishi Minnesota, Marekani, aliiweka kwenye kontena pamoja na mabaiskeli na friji, ilikuwa imetumika kidogo. Huko kwao hizi mota ni kitu cha kawaida kabisa, kuna maziwa ambayo hawaruhusu injini ya mafuta, ya umeme tu. Na zilianzia maeneo hayo hayo, mwaka 1934 jamaa anaitwa O.G. Schmidt wa mji wa Fargo, North Dakota, alichukua stata ya gari la Ford Model A akaiunganisha na pangaboi, na kwa kuwa Fargo iko mpakani na Minnesota kampuni ikaitwa Minn Kota. Nasema hii kwa sababu moja. Zile mota zilitengenezwa kwa ajili ya kurambaza, watu wa pwani wanalijua hili neno, kuvuta mshipi polepole nyuma ya chombo samaki aone kama chambo kinaogelea. Kazi yake ni kwenda taratibu bila kelele. Hakuna aliyekaa chini akasema tutengeneze hii ishindane na Yamaha. Kwa hiyo ukiitaka kasi ujue unamwomba punda mbio, anaweza kukimbia, ila kuna mahali atakwambia basi.

Siku ya kwanza tulishukia Luchelele asubuhi na mapema, mimi na mpwa wangu. Mtumbwi wetu ni wa faiba wa futi 17, umechongoka mbele na nyuma kwa hiyo hakuna ubao bapa wa kufungia mota, tukapitisha ubao wa mninga kwa upana karibu na kiti cha nyuma, mota ikakaa pembeni. Betri ilikuwa N70 tuliyoichomoa kwenye gari. Tukawasha. Mtumbwi ukasogea, sikatai, tena kimya kimya raha tupu, ila tulivyotoka kama mita mia mbili akatupita mzee mmoja na mtumbwi wake wa mbao na kasia, tena hana haraka, anatoka kuangalia makila yake, nyavu alizotega.

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, yule mzee ana kasia moja tu."

"Nyamaza, shika huo mkono."

Tukamwamkia, "Shikamoo mzee!"

"Marahaba wanangu. Mmeishiwa mafuta?"

Nilipima kwa epu ya GPS kwenye simu, 3.9. Kumbe mpwa wangu alikuwa ameifunga kichwa kimegeukia mbele nyuma, tulikuwa tunaenda kwa gia ya rivasi tukidhani ndo mbele! Mota yangu ina spidi 5 za kwenda mbele na 3 za rivasi, na pangaboi limekunjwa kusukuma maji upande mmoja, ukilizungusha kinyume linafua maji tu. Tukaigeuza. 5.2. Sasa ndugu wa Musoma kabla hujaendelea kusoma nenda kaangalie hilo, usione aibu.

Kuhusu kupima niseme kidogo maana watu wengi wanadanganyana hapa. Usipime mara moja. Ziwa letu asubuhi lina upepo wake unaotoka nchi kavu na mchana unageuka unatoka ziwani, ukipima ukiwa na upepo mgongoni utajisifia bure. Pima kwenda, pima kurudi njia ile ile, jumlisha gawa kwa mbili. Na kila ukibadilisha kitu badilisha kimoja tu halafu pima tena, ukibadilisha vitatu kwa mkupuo hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibia. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari la mpwa wangu la hesabu, mama yake hakupenda.

Basi, kwa 5.2 niliona mtumbwi umeinua pua juu kama ng'ombe anayevuka mto. Mimi nyuma, betri nyuma, mota nyuma, mpwa wangu katikati na mwili wake kama wa mbu. Mtumbwi ukikaa hivyo nyuma inazama, inakokota maji, na ule urefu wote wa mbele ulioulipia uko hewani haukusaidii kitu. Nikasema betri iende mbele. Nikanunua waya, ule wa kuvutia umeme nyumbani, wa 4, nikaunga kwa kukunja na solotepu, mita nne kwenda na mita nne kurudi. Mtumbwi ukalala vizuri kabisa, unapendeza hata kwa kuangalia, nikapima, 5.3.

Yaani nimehamisha kilo karibu ishirini, nimetoboa, nimefunga, nimepata pointi moja! Hapo ndo nikaanza kuwaza hiyo 86.

Kilichonishtua ni harufu. Tumetembea kama dakika kumi mpwa wangu akasema kuna kitu kinaungua, nikashika waya, wa moto, na pale nilipounga na solotepu hapashikiki. Nikazima. Joto lile ndugu zangu ni umeme niliokuwa nauchaji nyumbani kwa LUKU yangu halafu nauchemshia waya ziwani.

Hesabu yake iko hivi na fundi umeme yeyote atakwambia. Waya wa shaba wa milimita za mraba 4, mita 8 jumla, ukipitisha ampea 50 unapoteza kama volti 1.75 njiani. Betri ya asidi ikiwa kazini inatoa kama volti 11.8 hivi, toa 1.75, mota inapata 10 tu. Na hizi mota zinazunguka kwa kufuata volti, ukiipa volti pungufu inazunguka pungufu, hakuna ujanja. Hapo bado ile miungo ya kukunja na zile klipu za meno zenye kutu, kila moja inachukua chake kama trafiki wa njia ya mashamba.

Nikaenda kwa jamaa wa kuchomelea nikapata waya wa wildingi, wa 25. Ni laini, unakunjika, na shaba yake ni nyuzi nyingi nyembamba. Kwa urefu ule ule unapoteza kama volti 0.28, basi. Ila angalia sana unaponunua, siku hizi kuna waya nyingi zinauzwa kama shaba kumbe ni aluminiamu imepakwa shaba juu, kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona nyeupe ndani rudisha, inapitisha umeme vibaya kuliko shaba halisi. Mwisho wa waya nikaweka lagi za kubana, vile vichwa vyenye tundu la bolti, nikazibana na bolti na nati kwenye betri, klipu nikatupa. Na nikaweka fyuzi ya ampea 60 karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, hiyo haiongezi kasi lakini waya mnene namna hiyo ukigusana na mwenzake betri itautoa moto wote iliyonao, na ninyi mko katikati ya maji.

Siku ile nimepima 6.0. Kwa waya tu! Mpwa wangu alipiga makofi.

Kwa hiyo kama una haraka, ndugu yangu, fanya hivi: endesha dakika kumi spidi ya mwisho, zima, halafu pitisha mkono kuanzia betri mpaka kwenye mota, kila kiungo, kila klipu, ukiona pamoto usitafute pengine. Kama una testa ni bora zaidi, pima volti kwenye betri mota ikiwa inazunguka, halafu pima pale waya zinapoingia kwenye mota, tofauti ikizidi nusu volti una kazi ya kufanya.

Baada ya waya nikageukia pangaboi. Mtu anaweza kukaa na mota mwaka mzima hajawahi kufungua ile nati ya mwisho. Mimi nilifungua nikakuta mshipi wa nailoni umejizungusha nyuma ya pangaboi mizunguko mingi mno, umeyeyuka umekuwa kama gome. Sio wa kwangu, ulikuja nao kutoka Minnesota, samaki wa huko wanakatia mishipi. Huo mshipi unabana, lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba unakata ile sili inayozuia maji, maji yakishaingia kwenye mota mazishi. Kwa hiyo kila baada ya safari mbili tatu fungua uangalie, hasa huku kwetu ambako kila mahali kuna vipande vya nyavu vinaelea. Kingo za mapanga zilikuwa na meno meno kwa kugonga mawe, nikazipiga msasa taratibu, pande zote sawa. Chini ya mtumbwi kulikuwa na utelezi na uchafu umeshika, nikauosha nao nikaupiga msasa mwembamba wa maji. Ikaja 6.4.

Kina nacho kina maana. Pangaboi likiwa juu sana linavuta hewa, unasikia sauti inabadilika inakuwa nyepesi na nyuma kunatoka povu, hapo hausukumi kitu. Ukiishusha sana nayo ule mti wa mota unakokota maji bure. Mimi nimeweka ncha ya juu ya panga iwe kama sentimita 20 chini ya maji, mawimbi yakiwepo nashusha kidogo. Na ile kukaa pembeni ilikuwa inasumbua, mtumbwi unataka kugeuka upande mmoja muda wote, na wewe muda wote umekata kona kidogo kuurudisha, sasa mota iliyokata kona inasukuma maji pembeni. Nilisogeza ubao nyuma zaidi, pale mtumbwi unapokuwa mwembamba, ili mota iwe karibu na mstari wa katikati. Sikupima peke yake hiyo, nilikosea, niliifanya siku moja na usafi wa pangaboi.

Sasa betri. Hapa ndo pesa ilipo na hapa sitamdanganya mtu. N70 ya gari imetengenezwa kuwasha injini, inatoa umeme mwingi kwa sekunde chache halafu dainamo inairudishia. Ukiitumia kuvuta ampea 50 dakika arobaini mfululizo unaiua, itakupa miezi michache itaanza kukataa. Za sola zile za kuchaji na kumaliza ni nafuu, lakini nazo za asidi ukizishusha chini ya nusu unazifupishia maisha, kwa hiyo kwenye ampea-saa 100 ulizolipia una 50 za kutumia, na ukivuta kwa nguvu hata hizo 50 hazifiki. Halafu volti inashuka polepole njia nzima. Unaondoka na kasi unarudi unajikokota.

Lithiamu, ile aina ya fosfati ya chuma, inakaa karibu na volti 13 kuanzia unapotoka mpaka karibu inaisha. Na uzito wake, ya ampea-saa 100 ni kama kilo 11 au 12, ya asidi ya ukubwa huo inakaribia kilo 30. Nilijichanga miezi, nikauza na pikipiki mbovu iliyokuwa nyuma ya nyumba, nikanunua. Siku ya kwanza 7.1 kwenda na kurudi. Bei yake inauma, na ukinunua uliza ile saketi ya kulinda betri iliyoko ndani inaruhusu ampea ngapi mfululizo, ikiwa chini ya mota yako itakuzimia katikati ya ziwa. Na chaja iwe ya lithiamu, usiichaji na chaja ya gereji.

Hapo ndo nilipofika na hapo ndo nilipokwama. Nimejaribu vingine. Pangaboi la mapanga matatu liliongeza kidogo sana na ampea zikapanda, nikarudisha lile la zamani. Sababu ya kukwama ni lile pangaboi lenyewe, chukua bolti mbili, moja ina meno ya karibu karibu na nyingine meno ya mbali, ukizungusha zote mara kumi ile ya meno ya karibu inaingia kidogo tu, hata kama mkono wako una nguvu za kubeba gunia. Pangaboi la hizi mota ni lile la meno ya karibu. Tuseme mzunguko mmoja linasogea sentimita 12, na mota inazunguka mara 1300 kwa dakika, piga hesabu unapata kilomita 9.4 kwa saa, na hiyo ni kama maji yangekuwa mbao hayatelezi. Yanateleza. Ndo maana ukichukua ya paundi 86 yenye pangaboi la namna ile ile utasukuma mzigo mkubwa zaidi ila kasi utaongeza kiduchu.

Na maji yana ubahili wake. Nguvu inayohitajika inapanda kwa kasi zidisha kasi zidisha kasi. Ukitaka kuongeza mwendo kwa asilimia 20 tu unahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 73. Ukifunga mota mbili, nguvu mara mbili, hata kama kila kitu kingekaa sawa kabisa ungeongeza asilimia 26, na hakitakaa sawa maana pangaboi ni lile lile na umeongeza betri. Ukiigeuza hesabu hiyo hiyo inakuwa rafiki yako, ukipunguza mwendo kwa asilimia 20 unatumia karibu nusu ya umeme. Mimi nikienda mbali natembea 5.7 na betri inanipeleka karibu mara mbili ya muda.

Umbo la mtumbwi nalo lina kikomo chake. Pima urefu wa sehemu inayogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5, unapata kilomita kwa saa ambazo mtumbwi wa kawaida unaanza kuukimbilia mlima wa wimbi lake mwenyewe. Wangu mita 4.9, inakuja kama 10. Mitumbwi myembamba sana inaweza kupita hapo bila shida, mipana ndo inateseka. Kwa hiyo mimi sijafika huko, lakini mtu mwenye kimtumbwi kifupi na kipana anaweza kukuta kikomo chake kiko hapo hapo anapolalamika.

Kuna jambo moja nalisema kwa ukali. Mafundi wengine watakushauri uichomeke mota ya volti 12 kwenye volti 24. Nimeona kwa macho yangu mtu akifanya. Ilikimbia kweli, tukashangilia, kama dakika moja na nusu, halafu ukaanza moshi mweupe kwenye kichwa pale penye swichi, na chini mota ikanyamaza. Alirudi kwa kasia akiwa haongei na mtu.

Nasikia watu wakisema mbona Kenya huko Homa Bay wavuvi wanatumia umeme na boti zao kubwa za dagaa zinakwenda. Ni kweli, ila zile ni mashine nyingine kabisa, zimetengenezwa kuchukua nafasi ya injini ya mafuta, na betri zake si za kubeba kwapani. Anayetaka kasi ya injini ya hosipawa atafute hizo, asiitese mota ya kurambazia.

Mhariri, ombi langu kwenu ni dogo. Mkiandika tena habari za hizi mota msinakili maneno ya dukani. Mwulizeni muuzaji inakula ampea ngapi, inataka volti ngapi, na waya wa unene gani, vitu vitatu hivyo. Mwenye mtumbwi akishavijua anaweza kujipigia hesabu mwenyewe kabla hajatoa hela ya ada ya watoto.

Na ndugu wa Musoma, kama utakuja Mwanza ulizia pale Luchelele Jumamosi asubuhi mtumbwi wa faiba wa bluu, njoo na mota yako na waya zako tuzijaribu pamoja. Yule mzee wa kasia bado yupo. Sasa hivi tunampita, ila anasema yeye hachaji.

Ni mimi msomaji wenu,
Mvuvi wa Jumamosi, Mwanza

Nyongeza: nimesahau pini. Pangaboi linashikiliwa na kipini kidogo cha chuma kinachokatika makusudi ukigonga jiwe au ukinasa kwenye magugu maji, ili mota yenyewe isiumie. Beba viwili vya akiba na spana yake, vifunge kwenye kamba shingoni au kwenye jaketi la kuokolea, msivitie mfukoni. Changu kilizama palepale mbele ya kisiwa cha Saanane, tukapiga kasia mpaka nyumbani na lithiamu ikiwa imejaa.